Ukuta wa Kindi Thelathini

Mchore kwanza kichwani mwako, ndugu yangu unayenisoma, huyo mama anayekuja. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya kwanza ya kazi baada ya Pongal, sikukuu ya mavuno ya sisi Watamil wa kusini mwa India. Barabara ni ile ya mchanga mwekundu inayotoka kituo cha basi mpaka geti la chuo, miti ya mivumo imejipanga huku na huku. Mama ni mfupi, mweusi ti, na sari yake ya kijani ameipandisha akaichomeka kiunoni kama mtu anayekwenda kuvuka mto au kupigana. Mkono wa kushoto ana kopo la wali wa jana uliolala kwenye maji. Mkono wa kulia haukushika kitu, unapiga hewa tu. Anasema peke yake, tena kwa sauti.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kahawa hapo getini. Nilipomwona anakuja vile nilisogeza benchi.

"Akka, kahawa?" Akka ni dada mkubwa. Wote tulimwita hivyo, hata sisi tuliomzidi miaka.

"Kunywa mwenyewe, ikuunguze!"

"Leo nimekosa nini tena?"

"Wewe? Wewe hujafika hata pa kukosa. Umemwona yule mpakaji chokaa? Nimekutana naye kituoni, meno yote nje. Eti, 'Akka, nyumba ya kindi wako nimeipaka, inang'aa kama hekalu.' Kuta zote nne! Nne!"

Akapita. Nikamimina kahawa kikombeni nikamfuata, na sitajipamba mbele yako: ulionivuta ni umbea.

Huyo ndiye Pechiyammal. Kwa miaka kumi na moja alikuwa kibarua wa nyumba ya wanyama ya chuo chetu. Kibarua, maana yake kila jioni kazi yake iliisha na kila asubuhi aliianza kama mgeni. Alifagia, alibadilisha maji, alimenya karanga na kukata mapera, na zaidi ya yote alitazama. Aliowatazama ni wale kindi wadogo wa mivumo, wenye mistari mitatu mgongoni, wanaotuibia mpunga juani na hakuna anayewarushia hata jiwe. Profesa Nellaiappan alikuwa anawafanyia utafiti. Alitaka kujua jike mmoja anazaa mara ngapi kwa mwaka, watoto wangapi kila mara, wananyonya wiki ngapi, na mvua ikichelewa mimba nayo inachelewa au la. Kwa hiyo kulikuwa na majike thelathini katika vizimba thelathini, kila mmoja na chungu chake cha kujengea kiota, na nyuzi za nazi, na sufi.

Pechiyammal hakujua kusoma. Hapo usimdharau. Alijua kitu kingine: alikulia kwa shangazi aliyeuza maziwa nyumba kwa nyumba, na muuza maziwa wa kwetu haandiki kwenye daftari, anaandika kwenye ukuta wa mteja kwa kidole. Basi naye akauchukua ukuta wa mashariki wa nyumba ya kindi. Masizi ya chungu na mafuta ya nyonyo: mstari mmoja ni uzazi mmoja, na nukta chini yake ni watoto. Mtoto akifungua macho, nukta ya manjano. Akiacha ziwa, mkato. Akifa, kidole cha rangi nyekundu, ileile wanawake wa kwetu wanayojipaka kwenye paji la uso. Kizimba cha kwanza mpaka cha thelathini, miaka mitatu mizima. Mgeni angeona uchafu. Aliyejua aliona kijiji kizima na koo zake.

Kunakili yale kwenye daftari ilikuwa kazi ya Vadivu, binti mpole aliyekuwa anasomea udaktari wa falsafa chini ya Profesa. Kila Ijumaa alitakiwa aje na kalamu. Mwanzo alikuja. Baadaye akawa anaruka wiki, akaruka mwezi. Akiulizwa, alicheka: "Akka, ukuta hauna miguu."

Sasa, ukuta hauna miguu kweli, lakini Pongal ina mikono. Siku ya mkesha wake tunachoma mikeka ya zamani na kupaka chokaa kila kitu kilichosimama. Nyumba ambayo haikupakwa ni ya wafiwa. Kila mwaka Pechiyammal alisimama nyuma ya mpakaji chokaa na ufagio mkononi: "Kuta tatu, baba. Ukigusa wa nne nitakupaka wewe." Mwaka ule alikuwa ameenda kijijini kwao kumpikia mungu wa kike wa ukoo, yule ambaye Pechiyammal alipewa jina lake. Aliacha agizo kwa Vadivu.

Asubuhi ile niliingia na kikombe changu nikamkuta Pechiyammal amesimama mbele ya ukuta. Ulikuwa mweupe wenye ubluu kidogo, safi, hata harufu yake nzuri. Aliupitishia kiganja kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole, kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe akitafuta kupe. Nyuma yake kindi walikuwa wanalia chik-chik-chik, mikia inaruka, wamemwona waliyemkosa siku nne.

"Vadivu!"

Binti alikuwa mezani pembeni, amejikunyata.

"Akka, nilimwambia Profesa. Haki nilimwambia. Akasema Jumatatu anakuja mkaguzi kutoka Madras, hawezi kumwonyesha ukuta uliochafuliwa kama wa muuza maziwa."

"Na wewe ukajibu nini?"

"Ningejibu nini, akka?"

"Ungejibu kwamba huo uchafu ndio shahada yako, kichwa kibuyu wewe! Umenakili mpaka lini?"

Vadivu akaanza kuzungusha kalamu mezani.

"Nimekuuliza, mpaka lini?"

"Mpaka Aprili."

"Aprili iliyopita?"

"Ile... ile ya kabla yake."

Pechiyammal akacheka. Kicheko kile sikukipenda, na kindi nao hawakukipenda, maana walinyamaza.

Ndipo akaliona daftari juu ya meza. Jipya, jalada jekundu, kurasa zimejaa mwandiko mzuri wa Vadivu, wino mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

"Hili nalo limezaliwa lini? Nisomee."

"Akka, ngoja kwanza Profesa—"

"Nisomee! Au nalo hujui kusoma ulichoandika?"

Vadivu akasoma kwa sauti ya mtoto aliyechapwa. Kizimba cha kwanza: Februari watatu, Juni watatu, Oktoba wawili. Kizimba cha pili vivyo hivyo. Majike wote wanazaa kama treni inayofuata saa.

"Cha tisa. Nisomee cha tisa."

"Kizimba cha tisa. Machi, watatu. Julai, wawili. Novemba, watatu."

Nilimwona Pechiyammal akishika waya wa kizimba ili asishike kitu kingine. Jike wa kizimba cha tisa hakuwahi kuzaa. Chuo kizima tulijua, hata mimi wa kahawa. Dume aliwekewa, akaondolewa, akawekewa mwingine, miaka mitatu, na yeye alichojua ni kukwangua mkono wa Pechiyammal akitaka karanga. Ukutani mahali pake palikuwa patupu, na Pechiyammal alipazungushia duara ili mtu asije akadhani amesahau.

"Nisikilize, mwanangu," alisema, na sasa sauti ilikuwa ya chini, mbaya zaidi. "Mimi nimeitwa tasa miaka thelathini. Kisimani, sokoni, mpaka harusini wameniondoa nisije nikamgusa bibi arusi. Mume wangu alikufa ananiita hivyo. Hakuna aliyenihurumia akachukua kalamu akaniandikia watoto. Leo huyu mnamzalisha mara tatu kwa mwaka? Kwa wino? Basi nizalisheni na mimi, karatasi si ipo!"

Vadivu akaanza kulia. Chini ya kila ukurasa kulikuwa na nafasi tupu, na juu ya meza kibati cha wino wa bluu. Ile nafasi ilikuwa ya mtazamaji. Mkaguzi wa Madras alitaka kila ukurasa uwe na alama ya aliyeona kwa macho yake, na aliyeona kwa macho yake alikuwa mmoja tu duniani, mwenye kidole gumba chenye masizi.

Profesa aliingia wakati huo. Shati jeupe, mistari mitatu ya majivu matakatifu kwenye paji la uso, sauti laini kama siagi ya moto.

"Pechi, mama, kelele zako nazisikia mpaka ofisini. Kaa. Wewe wa kahawa, mpe kahawa."

"Sikai."

"Sawa. Barua yako ya ajira ya kudumu iko mezani kwangu. Miaka kumi na moja umeingoja, leo nataka kuitia saini. Weka kidole chako hapa, kurasa thelathini tu, tumalize. Kindi ni kindi. Hizi namba zinafanana na za vitabuni, hazimuumizi mtu."

"Kama zimo vitabuni, ayya, bwana wangu, mimi miaka mitatu nilikuwa natazama nini humu? Makalio yao?"

Nilikohoa ndani ya kikombe. Profesa hakucheka.

"Hutaki?"

"Sitaki! Nikifa nitakwenda na mkono wangu huu. Sitaubeba na uongo wa watu wengine."

"Unataka ukweli."

"Nataka ukuta wangu!"

"Ukuta umekwenda. Lakini ukweli upo bado, Pechi, haukupakwa chokaa. Uko tumboni mwao. Kila mtoto aliyejishika kwenye mji wa mimba ameacha kovu lake. Ukimfungua jike, makovu unayahesabu." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Kwa hiyo ni kidole au mkasi, uchague wewe. Na ukichagua mkasi, utawashika wewe, maana mikononi mwako ndiko wanakotulia."

Miaka sita nyuma Profesa alikuwa amefungua madume hamsini kuangalia korodani zao zinavyosinyaa na kujaa kwa majira. Pechiyammal ndiye aliyeosha trei. Siku tatu hakula, ya nne alikuja na jani la mgomba na wali, akawatilia wafu chakula chao nyuma ya nyumba kama watu wa ukoo.

"Mnyama aliyebeba mchanga kusaidia daraja la Mungu Rama!" alipiga kelele. "Mungu mwenyewe amempapasa mgongo, vidole vyake vitatu bado vinaonekana! Na wewe umejipaka majivu usoni!"

"Sayansi haina Rama, Pechi."

"Wala haya haina!"

Alitoka na ufagio wake, akafagia ua mpaka mchanga ukalia. Mpaka Jumatatu hakusema na mtu. Kahawa yangu alikunywa amesimama, akaniachia kikombe bila hata kunitukana, nikajua mambo ni mazito.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mtu mzima, Daktari Kothainayaki, sari ya pamba, miwani minene kama chini ya chupa. Nilipeleka kahawa na sahani za vitamutamu vya laddu chumba cha mkutano. Profesa alikuwa anaeleza, Vadivu amekaa pembeni kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari wa meno, daftari jekundu liko mezani. Kurasa hazikuwa na alama ya kidole, na Profesa alikuwa ameanza kusema kwamba mtumishi ni mgonjwa, atakuja kuweka kesho.

Mlango ukafunguliwa na mtumishi akaingia, mzima kabisa. Alikuwa na kikapu. Alikiweka katikati ya laddu.

"Amma," alimwambia mkaguzi, yaani mama, "mtumishi mgonjwa ndiye mimi. Humu yumo jike wa kizimba cha tisa. Soma kwanza daftari lao, halafu muulize mwenyewe amezaa mara ngapi."

"Toka nje!" Profesa alisimama. "Toka sasa hivi!"

"Mwache," alisema mkaguzi. "Mtoe kindi, mama."

Pechiyammal akaingiza mkono. Kindi alitoka, akakwangua, akalegea. Alimgeuza tumbo juu kiganjani kama anavyogeuzwa mtoto anayepakwa mafuta. Mkaguzi akainama, akapuliza manyoya ya tumbo yakagawanyika, akatazama upande mmoja, akatazama upande wa pili.

"Chuchu hazijavutwa kamwe," alisema. "Huyu hajanyonyesha hata siku moja." Akafungua ukurasa wa tisa, akausoma, akalifunga daftari na kulisukuma mbali taratibu, kama sahani yenye nywele. "Nani aliyekuwa anatazama kila siku?"

"Mimi."

"Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

Mchana huo mkaguzi alitembea na daftari lake mwenyewe kando ya vizimba, na Pechiyammal mbele. Sisi wengine tulifuata nyuma, Profesa wa mwisho. Na ungemsikia! Hakutaja tarehe hata moja. "Huyu alizaa siku umeme ulipokatika kwenye arusi ya mtoto wa karani. Watatu. Mdogo alikufa, mama yake akamla mguu. Halafu akazaa tena maembe yanaanza, wawili." "Huyu alichelewa, mvua haikuja, akazaa siku ile ndama wa mlinzi alipoanguka kisimani." Vadivu alikuwa anafungua kalenda na kutafuta: arusi lini, ndama lini. Kila alichokitafuta alikipata.

Majike kumi na wanane hivyo, bila kujikwaa. Kwenye wa kumi na tisa, ule upande wa dirisha, akasimama.

"Hawa kumi na wawili sijui."

"Hujui kabisa?"

"Ni dada kwa dada, amma. Walizaa siku za karibukaribu, leo huyu, kesho yule. Hapa ndipo nilipohitaji ukuta. Sitakudanganya."

Mkaguzi akapiga kalamu mara mbili kwenye daftari. Hakuwa mtu mbaya, nataka ujue. Alisema kama mtu anayesema mchele uoshwe kabla ya kupikwa:

"Kumi na wanane hawatoshi. Kazi ya binti haitasimama, na utafiti utafungwa. Hao kumi na wawili itabidi wafunguliwe."

"Kesho asubuhi," alisema Profesa, haraka.

Pechiyammal alimgeukia mkaguzi, na hapo nilirudi nyuma hatua moja.

"Nimekuletea ukweli mikononi, na wewe unanirudishia mkasi uleule wa huyu?"

"Ukweli una gharama yake, mama."

"Basi ilipe wewe! Ufunguliwe wewe, yahesabiwe makovu yako! Kwa nini gharama ikilipwa haitoki kamwe kwenye nyumba ya anayeitaka? Huyu binti alilala, yule bwana aliona aibu ya ukuta, wewe una haraka ya basi la Madras, na anayechinjwa ni huyu aliyekuwa anafuma kiota! Kosa lake nini? Kuzaa?"

Mkaguzi alitazama chini. Kindi walikuwa wanalia, wale kumi na wawili zaidi ya wote, maana ilikuwa saa yao ya karanga na mkono wa karanga ulikuwa mtupu.

Pechiyammal alichukua karanga akawagawia mmoja mmoja, mpaka wa kumi na wawili. Halafu akasema, "Andika."

"Niandike nini?"

"Nimekumbuka."

Mkaguzi alimtazama juu ya miwani. Kisha akafungua ukurasa.

Na zikatoka. Kizimba cha kumi na tisa, cha ishirini, ishirini na moja, bila kupumzika, kwa sauti ileile kavu ya hasira, na kila uzazi na siku yake: siku ya mvua ya mawe, siku mganga wa kienyeji alipoumwa na mbwa, siku fulani na siku fulani. Kwenye kizimba cha ishirini na nne alitaja arusi ya binti yangu mwenyewe. Arusi hiyo ilikuwepo kweli, na mvua aliyoitaja ilitunyeshea kweli, tukala wali wenye maji. Vadivu hakuwa anatafuta tena kwenye kalenda. Mkaguzi hakumwambia atafute. Mwisho Pechiyammal alichovya kidole kwenye wino wa bluu na kukigandamiza chini ya ukurasa, kwa nguvu mpaka karatasi ikakunjika.

Hakufunguliwa kindi hata mmoja. Vadivu alipata shahada yake mwaka uliofuata, akaolewa Madurai. Profesa alipata sifa zake. Barua ya ajira ya kudumu haikuonekana tena, na Pechiyammal aliendelea kuwa kibarua mpaka magoti yalipomkataa. Siku moja tu nilithubutu kumuuliza, tukiwa wawili kibandani, "Akka, wale kumi na wawili, ulikumbuka kweli?" Alinimwagia kahawa miguuni. "Pima sukari yako," aliniambia, "mwizi wa sukari wewe!"

Kitabu cha Vadivu kipo maktaba ya chuo, rafu ya chini. Nilikifungua mara moja. Kuna jedwali la mistari thelathini, uzazi, watoto, wiki za kunyonya, na kwenye mstari wa tisa pameandikwa sifuri, tena sifuri, tena sifuri, jambo lililonifurahisha mno. Ile mistari kumi na minane na ile kumi na miwili inayobaki imekaa safu moja, wino mmoja, hakuna jicho linaloweza kuitenga, na wanaosoma mambo ya kindi wanaitumia yote. Ungekuwa wewe unayekisoma kitabu kile, kwa nia njema, kutaka kujua kindi wa mivumo anazaa mara ngapi kwa mwaka, na sasa umeyasikia haya, je, ile mistari kumi na miwili ungeikata kwa kalamu?